Mkanda na Klachi za Pikipiki ya Theluji Yenye Tabo: Jinsi ya Kuchagua na Kurekebisha

Anayetafuta mkanda wa pikipiki ya theluji yenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) huanza kwa kuuliza upi ni mgumu kuliko yote. Aulize kwanza mashine yake ina klachi gani. Kuanzia modeli za 2017, Yamaha Sidewinder na Arctic Cat za familia ya 9000 zilibeba injini ileile ya Yamaha: mapigo manne, silinda 3, cc 998, tabo, nguvu za farasi zinazokaribia 200. Hata chasi zilikuwa ndugu. Lakini Yamaha iliweka klachi zake yenyewe mbele na nyuma, na Arctic Cat ikaweka za TEAM, kampuni ya kutengeneza klachi. Kwa hiyo kila moja ina mkanda wake: namba za Yamaha zina 17641 katikati, za Arctic Cat huanza na 0627. Injini moja, mikanda miwili.

Ukilishika hilo, mengine yote ni kujua klachi inaubana vipi mkanda, na joto linatoka wapi.

Kazi ya kila klachi

Mfumo ni uleule wa skuta za otomatiki, ila nguvu ni mara ishirini. Kila klachi ni puli ya sahani mbili, na mkanda hupita kati ya sahani hizo ukipeleka nguvu kutoka klachi ya mbele hadi ya nyuma. Klachi ya mbele imefungwa kwenye krenki, shafti kuu ya injini. Ndani yake kuna vyuma vya uzito vinavyotanuka injini inapozunguka kasi, vikisukuma sahani moja ya puli kuelekea nyingine. Mkanda unabanwa na kupanda juu. Springi ya mbele inavipinga vyuma hivyo.

Klachi ya nyuma iko kwenye shafti inayopeleka nguvu chini kwa treki, ule utepe mpana wa mpira unaoisukuma mashine juu ya theluji. Nayo ina springi, pamoja na heliksi, yaani silinda yenye mteremko uliokatwa kwa nyuzi fulani. Treki ikikutana na theluji nzito, heliksi huzifunga sahani za nyuma kwa nguvu zaidi, mkanda ukarudi kwenye uwiano wa chini. Kwa ufupi, mbele inasikiliza kasi ya injini na nyuma inasikiliza uzito wa mzigo.

Tabo huvuruga maelewano hayo kwa njia mbili. Kwanza, nguvu haiji kidogo kidogo. Mgandamizo wa hewa ukishajaa, msukumo huongezeka ghafla wakati mkanda bado uko chini kabisa kwenye puli ya mbele, umepinda kwa kona kali na unatembea polepole. Nguvu ni mvuto ukizidishwa kwa mwendo. Mwendo ukiwa mdogo, mvuto unaobebwa na nyuzi za mkanda huwa mkubwa mno. Ndiyo maana mikanda mingi hufa kwenye theluji ya unga, mwendo wa taratibu, mafuta yamebonyezwa hadi mwisho, wala si kwenye ziwa lililoganda kwa kasi ya kilomita 150.

Pili, mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo watu wa Rocky Mountains wamezoea kupunguza uzito wa vyuma vya klachi kadiri wanavyopanda. Yenye tabo karibu haipungui. Ski-Doo Summit 850 E-TEC Turbo ya mwaka 2020, mashine ya kwanza ya mapigo mawili kutoka kiwandani ikiwa na tabo, ilitangazwa kushikilia farasi 165 hadi futi 8,000, yaani mita 2,400 na ushee. Fundi akiipunguzia uzito kwa mazoea ya zamani, injini itazidisha mizunguko, mkanda hautabanwa vya kutosha, utateleza, utaungua. Mafundi wengi hufanya kosa hili kwenye mashine yao ya kwanza ya tabo.

Klachi za viwanda mbalimbali

Ski-Doo na Lynx hutumia pDrive mbele. Tofauti yake na TRA iliyoitangulia ni kwamba sahani inayosogea hubebwa na rola badala ya vipande vya plastiki vinavyosuguana. Msuguano ukipungua, klachi hupanda na kushuka upesi mtu anapoachia na kubonyeza mafuta msituni. Rola hizo zina mwisho wake: zikiliwa upande mmoja, klachi hugoma kwa mishtuko na mtu hulaumu mkanda. Kila unapofungua, zungusha kila rola kwa kidole. Ikikwama au ikiwa na sehemu bapa, badilisha zote kwa mkupuo.

Polaris ilitumia P-85 kwa miongo mingi, na vyuma vyake vinapatikana kila duka la spea. Mashine zake zenye tabo, Patriot Boost, zilizoanza na modeli za 2022, zilikuja na klachi mpya, P22. Usichukue vyuma vya P-85 ukavitia kwenye P22. Si vya umbo moja. Sanduku la vyuma ulilorithi kutoka mashine ya zamani halikusaidii kitu hapo. Jambo jingine la Polaris za mlimani: nyingi hazina cheni chini, zina mkanda wa pili wenye meno unaoitwa QuickDrive. Ukiagiza spea, taja kwamba unataka mkanda wa klachi, la sivyo utaletewa huo mwingine.

Za TEAM zilizofungwa kwenye Arctic Cat zenye tabo zina beringi ya njia moja kwenye puli ya mbele, na mkanda hukaa umekaza hata injini inapozunguka bila kuisogeza mashine. Mpango huo una faida kubwa: mkanda hauanzi kazi kwa kusuguliwa na puli inayozunguka peke yake. Lakini unategemea upana wa mkanda kuliko klachi nyingine. Mkanda uliokonda kidogo, ambao mashine nyingine ingeuvumilia, hapa unalegea na kuanza kupigapiga. Anayemiliki moja ya hizi anunue kalipa, kifaa cha kupimia upana, kabla ya kununua mkanda wa pili.

Mkanda wenyewe

Mkanda wa kisasa una mpira, nyuzi za kuvuta zinazouzunguka kwa urefu, na meno ndani, mara nyingi juu pia, ya kuuwezesha kupinda na kutoa joto. Nyuzi ndizo zinazobeba kazi. Mingi hutumia aramidi, jamii ya Kevlar. Baadhi, kama Gates C12, hutumia nyuzi za kaboni, ambazo hazirefuki sana. Kaboni inafaa mahali penye mvuto wa ghafla, lakini haipendi kukunjwa. Mkanda wa kaboni uliokunjwa mara tatu ukabanwa chini ya kiti unaweza kukatika siku unayoufunga, ukiwa mpya kabisa.

Ushauri wetu ni mmoja: anza na mkanda wa kiwanda wenye namba iliyoandikwa kwa modeli na mwaka wa mashine yako. Za Polaris huanza na 3211, za Ski-Doo na 4173. Viwanda viliweka springi, heliksi na vyuma kwa kuzingatia ugumu wa mkanda huo hasa. Mkanda mgumu zaidi kutoka kampuni nyingine hupanda kwa kuchelewa, na mizunguko ya injini hubadilika ingawa hukugusa klachi. Ukishajua mashine inafanyaje na mkanda wake, hapo unaweza kujaribu mwingine.

Dukani, angalia mambo haya kabla ya kulipa:

– Upana wa juu, kwa kalipa, mahali pasipopungua vitatu. Mikanda ya namba moja inaweza kutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo. Andika upana huo kwa kalamu ya rangi kwenye mgongo wa mkanda.

– Tarehe ya kutengenezwa ikiwa imechapwa. Mpira huzeeka hata rafuni.

– Pembe ya kingo. Puli nyingi zina mkato wa nyuzi 26 hadi 28 hivi, na tofauti ya nyuzi 1 huwezi kuiona kwa macho. Mkanda wa "unaingia tu" uliouziwa na jirani huenda unagusa puli kwa ukingo wa juu peke yake. Ukiendesha kilomita chache kisha ukauangalia, utaona mstari mmoja unaong'aa na sehemu nyingine ina vumbi. Uondoe.

Ukiwa kazini, mkanda hubadilishwa upana ukipungua milimita 1.5 hadi 3 kutoka ule ulioandika, kulingana na kitabu cha mashine. Kwenye tabo tunachukua kipimo cha chini.

Kufunga

Zima injini, toa ufunguo, subiri klachi ipoe. Osha mkanda mpya kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kingo kwa brashi, suuza, kausha. Umetoka kiwandani ukiwa na nta ya kuutolea kwenye kalibu, na nta hiyo ikipata moto hugeuka kioo.

Sugua nyuso za puli zote nne kwa sponji ya kijani ya kusugulia masufuria, kuanzia katikati kwenda nje, mpaka weusi wa mpira utoke. Malizia kwa kitambaa safi chenye asetoni. Usiguse tena kwa kidole chenye mafuta. Usitumie msasa wa kukwaruza. Unachimba mifereji ambayo mkanda utaikumbuka msimu mzima.

Fungua klachi ya nyuma kwa zana iliyokuja na mashine, kwa kawaida skrubu unayoingiza kwenye tundu lenye nyuzi ikazisukuma sahani ziachane. Bisibisi iliyochomekwa kati ya sahani huacha alama, na alama hiyo hukata mkanda. Mkanda wa zamani utoe nyuma kwanza, kisha uutoe mbele. Ukiurudisha mkanda uliokwisha kutumika, uzunguke kulekule ulikokuwa ukizunguka. Maandishi yasomeke kama yalivyosomeka awali.

Funga skrubu, inua nyuma ya mashine kwenye stendi, zungusha treki kwa mkono mizunguko kadhaa mpaka mkanda upande mahali pake. Sasa tazama urefu wake kwenye klachi ya nyuma. Mgongo wa mkanda unatakiwa uwe sawa na ukingo wa puli, au uwe juu yake kwa milimita 1 hadi 1.5. Ukiwa umezama, mashine itaondoka kwa kishindo na mkanda utateleza kila unapoanza. Ukiwa umesimama juu mno, utanguruma mashine ikiwa imesimama na treki itataka kutembea wakati injini iko mwendo wa chini. Rekebisha kwa boliti ya klachi ya nyuma au kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi), robo mzunguko kwa wakati, na uzungushe treki tena kabla ya kupima upya.

Baada ya hapo, kilomita 50 za kwanza bila kubonyeza mafuta zaidi ya nusu. Badilisha mwendo mara kwa mara, usishike kasi moja, usivute mwenzako aliyekwama. Mkanda unahitaji kupata moto na kupoa mara kadhaa ili kingo zake zilingane na puli zako. Mkanda wa akiba nao uupitishe kwenye mazoezi hayo kabla ya kuufunga kwenye begi, maana utakapouhitaji utakuwa kilomita 40 kutoka barabarani na hutakuwa na subira ya nusu mafuta.

Joto linasema nini

Pata kipimajoto cha infraredi, kile cha jikoni kinatosha. Panda mlima kwa nguvu kwa dakika kadhaa, simama, zima, fungua ubavu wa mashine na upime sahani za mbele na za nyuma mara moja. Wengi siku hizi hufunga kihisi cha kudumu kinachoutazama mkanda wenyewe, na kwenye tabo ni fedha iliyotumika vizuri. Mkanda ukiwa chini ya nyuzi 80 za Selsiasi uko salama. Ukikaribia 95, punguza mafuta na uendeshe taratibu ili upepo uupoze. Ukipita 105, maisha yake yamepungua hata kama haujakatika leo.

Klachi yenye joto zaidi ndiyo inayoteleza. Mbele ikiwa moto kuliko nyuma kwa nyuzi 10 au zaidi, mbele haibani: vyuma ni vyepesi, au springi ya mbele ina nguvu kupita kiasi mwishoni, au mkanda umekaa chini. Nyuma ikiwa ndiyo moto, angalia springi ya nyuma iliyochoka na heliksi yenye pembe kubwa mno. Zote mbili zikiwa moto sawasawa, tatizo liko nje ya klachi: uwiano wa gia ni mrefu kwa treki yako, matundu ya hewa yameziba kwa theluji, au mtu amefunga begi mahali hewa ya moto inapotokea.

Kisha soma mizunguko ya injini. Kila mashine ina lengo lake kwenye kitabu. Zile za 850 za mapigo mawili ziko karibu na 8,000 kwa dakika, ya 998 iko juu zaidi. Pima mkanda ukiwa umepata moto, mafuta mpaka mwisho, mwinuko unaopanda kila siku.

Mizunguko ikizidi lengo, ongeza uzito wa vyuma. Gramu 2 kwa kila chuma hushusha takriban mizunguko 200. Ikipungukiwa, toa uzito, lakini kwanza hakikisha tabo inajaza hewa kama kawaida. Hozi iliyolegea hushusha mizunguko vilevile, na ukiifuata kwa klachi utaharibu mpangilio mzuri.

Springi ya mbele huandikwa namba mbili, mathalani 120/340. Ya kwanza huamua klachi inaanza kushika kwa mizunguko mingapi, ya pili huamua upinzani mkanda ukiwa juu kabisa. Kwenye tabo usipandishe sana ile ya kwanza. Ukichelewesha kushika, unakutanisha mkanda baridi na hewa iliyokwisha kujaa.

Heliksi yenye nyuzi nyingi hufanya klachi ipande haraka lakini hubana kidogo na kurudi kwa uvivu. Yenye nyuzi chache hubana zaidi na kurudi upesi. Kwa theluji nzito ya mlimani tunapendelea kushuka nyuzi 2 kuliko kuongeza. Unapoteza kidogo kwenye uwanja wa wazi na unapata mkanda unaomaliza msimu. Anayekimbia kwenye ziwa atachagua kinyume, na hatakuwa amekosea.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha springi na vyuma asubuhi moja, hutajua kipi kilichosaidia.

Kumsoma maiti

Mkanda uliokufa usiutupe kabla ya kuutazama. Ukiwa na sehemu moja iliyokonda kama kiuno, treki ilikuwa imegandishwa na barafu mtu akalazimisha kuondoka: puli ya mbele ilizunguka mahali pamoja ikaula mpira. Dawa ni kutikisa nyuma ya mashine na kuinua treki asubuhi kabla ya kubonyeza mafuta, kisha dakika chache za mwendo wa pole. Kingo zinazong'aa kama kioo ni mtelezo, rudi kwenye joto hapo juu. Nyuzi zinazochomoza upande mmoja ni klachi zisizolingana. Zipime kwa rula ya kulinganishia ya modeli yako, na uangalie mipira inayoshika injini, kwa sababu tabo huipinda injini kwenye mashikio yake na klachi iliyolingana ikiwa imezimwa inaweza kwenda mshazari ikiwa kazini. Meno yaliyokatika kwa mfululizo ni joto au uzee. Mkato safi wa kuvuka, bila dalili nyingine, ni mshtuko: mashine iliruka, treki ikatua ikiwa inazunguka kwa mafuta kamili.

Mkanda ukipasuka, kazi ya kwanza ni kuondoa mabaki, na hapa ndipo injini za mapigo mawili hupotea. Nyuzi zilizokatika hujisokota nyuma ya klachi ya mbele, zikaizunguka krenki na kukata sili yake, mpira unaozuia uvujaji. Sili ikivuja, injini inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu, na pistoni inatoboka siku mbili baadaye bila mtu kukumbuka mkanda. Mulika kwa tochi nyuma ya puli ya mbele, zivute nyuzi zote kwa koleo yenye mdomo mwembamba, na zungusha klachi kwa mkono ukitazama kama kuna uzi unaotokeza. Toa pia vipande vilivyoingia kati ya vyuma vya uzito na kwenye matundu ya hewa. Kisha safisha puli kwa asetoni palepale kwenye theluji, hata kama mikono inaganda. Mpira ulioyeyuka ukibaki, mkanda wa akiba nao utapasuka kabla hujafika garini. Ukirudi gereji, toa klachi ya mbele kwa zana yake maalumu ya kuivutia na uikague sili kwa macho. Ukiona unyevu wa mafuta kuizunguka, usiiwashe tena mpaka ibadilishwe.